Gari la Kusukuma Nyuma na Mlima wa Ukweni

Jamani, leo nimeaibika mpaka nimekosa pa kuuweka uso. Na sikuaibikia stendi, ambako nimezoea. Nimeaibikia ukweni.

Naandika haraka kwa sababu Deo ana video. Anaituma sasa hivi, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake, ila ni nzito na mtandao wa huku unasuasua. Maandishi ni mepesi, yatawafikia kwanza. Nisikieni mimi kabla hamjaniona.

Kwa wasionijua: naitwa Shija, Msukuma wa Nyarubungo, Biharamulo. Naendesha mchomoko. (Mchomoko ni gari dogo ambalo waliolitengeneza walikusudia libebe familia, sisi tukaliongezea ukoo.) Gari langu ni saluni ya zamani ya kusukuma nyuma, yaani injini inazungusha matairi ya nyuma. Deo ni dereva mwenzangu, Mhangaza wa Kibimba kule Ngara, na ana kigari cha kuvuta mbele. Hapo ndipo uadui wetu ulipoanzia.

Pale kijiweni kwetu tuna madhehebu mawili, na sizungumzii kanisa. Kuna sisi wa kusukuma nyuma na kuna wale wapotevu wa kuvuta mbele. Msimamo wangu unajulikana hadi Nyakanazi: gari ni la kusukuma nyuma. Hilo lingine ni mkokoteni wenye redio. Nimewahi hata kususia harusi ya dereva mwenzetu kwa sababu maharusi walibebwa na gari la kuvuta mbele. (Nilikula kwanza, kisha nikasusa.)

Siku moja nilimbana Deo mbele ya watu.

"Deo, malori yote yanayopita hapa kwenda Rwanda na Burundi, yanasukuma au yanavuta?"

"Yanasukuma."

"Basi! Umewahi kuona lori la maana linavuta mbele?"

Deo akatafuna muwa wake taratibu, akatema makapi.

"Shija, kwenu mnalimaga na maksai. Maksai wanakaaga mbele ya jembe au nyuma yake?"

Kijiwe kizima kikalipuka. Mama wa chapati aliacha chapati ikaungua. Mimi usiku ule sikulala, nilikuwa natafuta jibu, na nililipata kumekucha: baiskeli! Baiskeli inasukumwa na gurudumu la nyuma! Nikawahi stendi mapema kuliko makonda wote. Nikakuta watu wameshahamia kwenye mpira, hakuna aliyetaka kusikia habari za baiskeli.

Sasa angalieni mambo. Nikampenda Konsolata. Ni fundi cherehani pale Biharamulo mjini, mpole, ana akili, na kwao ni Kibimba. Kijiji kimoja na Deo! Nikatafuta mshenga mwingine anayejua Kihangaza, anayeijua njia na anayewajua wazee wa kule. Hakuna. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kuniombea mke ni yule yule aliyenifananisha na jembe.

Leo ilikuwa siku ya kupokea jibu. Na jibu lilikuwa mkononi mwa Mzee Felisiani, baba yake Konsolata, ambaye alishamrudisha mchumba mmoja kabla yangu. Sababu yenyewe ni majivuno. Jana jioni Konsolata alinipigia simu.

"Shija, nakuomba. Ukifika kwetu usijisifu."

"Mimi huwa najisifu?"

"Na mambo ya magari usiyataje kabisa. Baba akisema hapana, imetoka. Hata mama hawezi kumgeuza."

Nikamwahidi. (Sikumwambia kwamba nilishatuma salamu kwa mzee kupitia Deo, kuwa gari langu linapanda popote, hata huo mlima wao. Na Deo, mtu anayesahau kila kitu, salamu hiyo alikuwa ameifikisha neno kwa neno.)

Baba mdogo Luhende, ndiye mkuu wa msafara wetu, naye akaniongezea sheria zake asubuhi. Ya kwanza, mchumba haongei ukweni, anaongea mshenga. Ya pili, mama mkwe hatazamwi. Kwa Wasukuma wa umri wa baba mdogo, mama mkwe humtazami usoni, humsogelei, na mkikutana njiani unatoka barabarani mpaka apite. "Macho chini, mdomo umefungwa," akasema. "Ukiweza hayo mawili, umeoa."

Tukaondoka. Kwangu alipanda baba mdogo kiti cha mbele, na Shangazi Milembe kiti cha nyuma peke yake, na kilimtosha. Kwa Deo tukapakia mchele, sukari na kreti za soda. Shangazi akasema kitenge cha mama mkwe kisikandamizwe na magunia, kiwekwe kwenye buti langu. Nikalifungua kwa bisibisi, kwa sababu kufuli la buti langu lilikufa zamani na sasa linatii bisibisi tu. Shangazi akanusa.

"Shija, humu ulibeba nini?"

"Dagaa, shangazi. Wiki iliyopita."

Akakifunga kitenge kwenye mifuko ya nailoni, mfuko juu ya mfuko. Ikumbukeni hiyo bisibisi.

Kwenye lami nilikuwa mfalme. Malori yananguruma, nayapita, napiga honi, Deo kule nyuma anajikongoja na mchele wake. Tukaingia Ngara, tukaacha lami, tukashika udongo wa kwenda Kibimba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Migomba inameremeta pande zote. Na mbele yetu ukasimama mlima.

Jamani, kule kwetu Nyarubungo nasi tuna vilima. Lakini huu wa ukweni ulikuwa umesimama wima, mwekundu, unang'aa kwa utelezi, mtaro upande mmoja, migomba upande mwingine. Juu kabisa lilionekana bati la Mzee Felisiani na moshi wa jikoni.

Deo akasimama. Akashuka, akaukanyaga udongo, akatikisa kichwa. Kisha akarudi garini, akaligeuza gari likatazama tulikotoka, akaweka rivasi.

Kwa msioendesha, niwaeleze. Gari la kuvuta mbele likipanda mlima wa utelezi, uzito wote unarudi nyuma, yale matairi ya mbele yanabaki mepesi na yanazunguka bure. Kwa hiyo watu wa dhehebu hilo huligeuza na kupanda kinyumenyume. Hapo uzito unayalalia matairi yenye kazi, na gari linapanda. (Ni aibu, lakini linapanda.)

"Wazee wahamie kwangu," Deo akasema kupitia dirishani. "Nipeleke mizigo, nirudi niwachukue. Gari ya Shija haitaweza hapa, nyuma ni nyepesi."

Baba mdogo akamtazama. Herufi r baba mdogo huwa anaiacha nyumbani, hata akienda safari muhimu.

"Kijana, unataka tuingie ukweni kwa makalio ya gali?"

"Mzee, huku kila mtu..."

"Anayeingia nyumba ya watu kwa mgongo ni mchawi! Tunakwenda kuomba mke, hatuendi kuloga. Shija, washa gali."

Nilifurahi, ndugu zangu! Miaka yote nimebishana kwa nguvu zangu mwenyewe, leo mila za wazee zimesimama upande wangu. Nikamwambia Deo, "Umesikia? Tangulia na mgongo wako."

Deo akatangulia. Kigari kikapanda kinyumenyume taratibu, bila hata kuyumba, mchele na soda zikiwa ndani. Na kwa kuwa alikuwa anapanda huku ananitazama, alinipungia mkono njia nzima.

Zamu yangu. Nikakanyaga mafuta. Gari likanguruma, likapanda kidogo, kisha matairi ya nyuma yakaanza kuzunguka mahali pamoja. Matope yakaruka mpaka kwenye migomba. Mkia ukaenda kushoto, ukaenda kulia, kisha tukarudi chini tulipoanzia. Nikajaribu tena. Tukarudi tena. Nikasema ni mafuta. Nikasema ni matairi. Nikasema kwa kweli mlima huu umekaa vibaya.

"Gali linapanda popote," baba mdogo akasema, akitazama mbele. Sikujua kama ananitia moyo au ananisema.

Nikaendelea kungurumisha. Watu wakaanza kutoka kwenye mashamba yao kuja kutazama, wengine na majembe begani. Mwishowe Deo akateremka kwa miguu, na hakuwa peke yake. Nyuma yake zilikuja gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Nasema gambuti kwa sababu ndizo nilizoziona tu. Shangazi alininong'oneza, "Mama mkwe huyo!" na palepale macho yangu yakashuka chini na hayakupanda tena. Gambuti nyeusi, kubwa, zinatembea kwenye utelezi kama ziko sebuleni.

Sasa mazungumzo yalikwenda hivi. Mama mkwe alimwambia Deo. Deo alimwambia baba mdogo. Baba mdogo aliniambia mimi. Na wote tulikuwa tumesimama mahali pamoja, tunasikiana vizuri kabisa.

"Mwambie mgeni nyuma yake ni nyepesi," gambuti zikasema. "Magari ya hivi yakija kwetu, huwa napandaga mimi kwenye buti. Yanapanda."

"Mama anasema atakaa kwenye buti," Deo akasema.

"Mayu wane!" baba mdogo akamwita mama yake kwa Kisukuma, akashika kichwa. "Mkwe abebwe kwenye buti la mkwewe?"

"Basi kaa wewe," Shangazi akamjibu kutoka ndani.

(Baba mdogo ni mwembamba sana. Akikaa kwenye buti, gari halina habari. Mama mkwe, kwa taarifa nilizopewa na wenye ruhusa ya kutazama, ana mwili wa haja.)

"Nimepika tangu alfajiri," mama mkwe akasema. "Ndizi zinapoa. Kama shida ni kuniangalia, asiniangalie. Dereva si anaangaliaga mbele?"

Hilo lilimgusa baba mdogo. Akazunguka gari, akiwaza. Kioo cha kati hakikuwa na tatizo, buti likiwa wazi kingeonyesha kifuniko tu. Lakini vioo vya pembeni vingeweza kumwonyesha. Akavikunja vyote viwili. Akakizungusha na cha kati kikatazama paa, kwa tahadhari. Akasema, "Sasa heshima imekamilika."

Kwa hiyo tafadhali nioneni. Naingia kupanda mlima wa utelezi, mama mkwe kwenye buti, sina kioo hata kimoja. Nikafungua buti kwa bisibisi. Nikasikia gambuti zinakaribia. Nikababaika, nikaitupa bisibisi humo humo ndani, nikakimbilia usukani macho yakiwa bado chini. (Nilijigonga kwenye mlango. Si kitu, kulinganisha na yaliyofuata.)

Gari likashuka nyuma. Nikasikia spring zikitoa pumzi. Nikakanyaga mafuta kidogo tu.

Likapanda!

Jamani, likapanda kama limeitwa! Matairi yakauma udongo, pua juu, wale wa mashambani wakapiga makofi. Na mimi, mdomo ambao ulipaswa kufungwa, ukafunguka.

"Mnaona? Mnaona gari sasa? Hili ndilo gari!"

"Nyamaza," baba mdogo akasema.

"Gari ni la kusukuma nyuma! Deo yuko wapi aone?"

Hapo ndipo nikasikia bodi inagongwa kule nyuma. Pa! Pa pa pa pa!

Sasa mimi ni dereva wa mchomoko. Konda akigonga bodi mfululizo, kwetu maana yake ni moja: tumejaa, ondoa gari. Mguu wangu haukuniuliza hata ushauri. Ukakanyaga mpaka chini.

Na gari la kusukuma nyuma (nayasema haya kwa uchungu) ukilikanyaga ghafla kwenye utelezi, mkia unataka kwenda mbele kuliko kichwa. Tukazunguka. Nikaona migomba, nikaona bonde, nikaona waliopiga makofi wakishika midomo. Kisha sehemu ya nyuma ikateremka polepole mtaroni, pu, na tukatulia, pua ikitazama mbinguni. Kifuniko cha buti kikashuka chenyewe, kikajifunga. Ka.

"Mama yuko wapi?" Deo akapiga kelele akija mbio.

Sauti ikatoka nyuma ya kiti cha Shangazi, ya chini, ya mtu asiye na haraka.

"Nipo humu."

Moyo wangu ukarudi mahali pake, kisha ukaondoka tena. Shangazi akamuuliza kama ameumia. Akasema hapana, amekalia kitu laini. (Kitenge chake.) Deo akaruka mtaroni, akavuta kifuniko, wapi. Akaniuliza, "Shija, hili buti linafunguliwa na nini?"

"Bisibisi."

"Iko wapi?"

Sauti ikanijibia kutoka ndani.

"Ninayo mimi."

Akaongeza, "Deo, muulize mgeni. Humu kuna nini kinanuka?"

Deo akamuuliza baba mdogo. Baba mdogo akaniuliza mimi. Nikamwambia baba mdogo ni dagaa. Baba mdogo akamwambia Deo ni dagaa. Deo akainama kwenye tundu la kufuli.

"Ni dagaa, mama."

"Basi mniharakishie."

Pale mtaroni hapakuwa na chombo cha kufungulia, na majembe ya wale watu yalikuwa mazito, yangempasua mtu. Njia ilikuwa moja tu. Deo akapanda juu, akateremka na kigari chake, akakisimamisha mbele ya langu. Kwa kuwa chake kilipaswa kupanda kinyumenyume, na langu lilikuwa limeelekeza pua juu, kamba ilifungwa pua kwa pua. Elewani vizuri picha hiyo. Gari langu na la Deo yanatazamana. Mimi na Deo tunatazamana. Kioo changu cha kati kinatazama paa, cha mbele kimejaa uso wa Deo, kushoto yupo baba mdogo anayepumua kwa hasira. Pa kuangalia pengine sina.

Akaweka rivasi. Tukatoka mtaroni, tukapanda mlima mzima, yeye akinivuta huku ananitazama machoni. Alikuwa anacheka tu, mpaka machozi, usukani mkono mmoja, simu mkono wa pili. Na mimi gari langu, nililolitetea miaka yote, lililowasimamisha watu chapati zikaungua, lilikuwa linaingia ukweni kwa kuvutwa mbele.

"Angalau tunaingia kwa uso," baba mdogo akasema.

Juu palijaa. Ukoo wote wa Konsolata, majirani, wanakwaya na vitenge vyao vya sare. Magari mawili ya wageni wengine yalikuwa yameegeshwa uani, na yote yalitazama bondeni. Yote, jamani! Yalipanda kinyumenyume, hakuna aliyeyaita ya wachawi. Nikamwona baba mdogo anayaona. Akaanza kujifanya anasafisha miwani.

Mzee Felisiani akashuka barazani, mrefu, koti limekaa sawasawa. Akalitazama gari langu, matope mpaka kwenye paa, kamba puani.

"Hili ndilo linalopanda popote?" akauliza.

Mchumba haongei. (Leo ilikuwa mara ya kwanza sheria hiyo kunifaa.)

Sasa, kina mama wa pale hawakujua lolote. Walidhani mama mwenye nyumba ameenda kwa jirani kuazima sahani. Walichojua ni kwamba mkwe amefika, na mkwe akifika, buti linafunguliwa na zawadi zinatolewa. Wakalizunguka gari langu wakiimba. Deo akajaribu kuwaeleza, kicheko kikamziba koo. Mzee akaletewa mundu, akachomeka ncha kwenye kufuli, akazungusha. Kifuniko kikaruka juu.

Vigelegele! Jamani, vigelegele vya kutikisa bati! Na katikati ya vigelegele hivyo, gambuti moja ikatoka nje. Kisha ya pili. Vigelegele vikaanza kupungua, kimoja kimoja, mpaka akabaki bibi mmoja kipofu ambaye aliendelea peke yake.

Nilimpelekea baba mkwe zawadi. Mke wake mwenyewe.

Nilikuwa natazama chini, lakini Shangazi amenisimulia yote. Mama mkwe alikuwa amechafuka gauni la kanisani, hivyo huko gizani alipapasa, akafungua mifuko, akajifunga kile kitenge. Zawadi yake alishajipokelea. Bisibisi mkononi. Harufu ya dagaa ikamtangulia kidogo.

"Mama Konsolata," mzee akasema.

"Abee."

"Nimekuacha jikoni."

"Nimeletwa."

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Nikamwona Konsolata mlangoni, kiganja mdomoni, na macho yake hayakuwa ya kicheko. Hapo nikaogopa kweli. Mambo ya gari yote yakanitoka kichwani. Niliona tu kwamba naweza kushuka mlima ule bila yeye, na kwamba nitakuwa nimejitakia mwenyewe.

Mzee akanigeukia. "Wewe kijana."

"Mchumba haongei," baba mdogo akawahi.

"Kwako haongei. Hapa kwangu ataongea." Akanikaribia. "Shikamoo yako nitaipokea baadaye. Nijibu kwanza. Salamu zako nilizipata. Sasa uniambie, umepanda mlima wetu. Gari ni lipi? La kusukuma nyuma au la kuvuta mbele?"

Pembeni nikasikia simu ya Deo ikilia ile sauti yake ya kuanza kurekodi.

Ndugu zangu wa dhehebu, niliwafikiria. Niliyafikiria malori. Niliifikiria baiskeli! Jibu lilikuwa mdomoni: kosa ni utelezi, kosa ni kugongewa bodi, kosa ni vioo, gari halina kosa. Nikainua macho, nikamwona Konsolata. Anatikisa kichwa polepole.

"La kuvuta mbele, baba," nikasema.

"Sijasikia."

"La kuvuta mbele!"

"Rudia, Shija," Deo akasema. "Mkono ulitikisika."

"LA KUVUTA MBELE!"

Hata bonde likaitikia. Hiyo ndiyo video mtakayoiona.

Mzee akamgeukia mkewe. "Wewe ndiye uliyesafiri naye. Unasemaje?"

Mama mkwe akampa Deo bisibisi ampe baba mdogo anipe mimi. Akajifuta mikono.

"Kijana ana heshima," akasema. "Nimemgongea bodi asimame mpaka kiganja kimewaka moto. Hakugeuka kuniangalia hata kidogo."

Baba mdogo akavuta pumzi, akajinyoosha koti. "Wabeja, mayu," akashukuru, kama vile yote aliyapanga yeye.

Na Mzee Felisiani akasema ndiyo. Vigelegele vikarudi, safari hii kwa sababu yake halisi. Konsolata alikimbilia ndani na sikumwona mpaka chakula. Mimi nilikaa chini palepale kwenye matope. Sioni aibu kusema nililia kidogo.

Mambo yangeishia hapo, ungekuwa mkasa wa kawaida. Lakini wakati wa kula mzee akaja kukaa karibu yangu. Akamega ndizi, akatazama huku na huku, akashusha sauti.

"Mimi nimeendesha lori mpaka nikastaafu. La kuvuta mbele siyo gari."

Nikairudisha ndizi kwenye sahani.

"Yule mchumba wa kwanza nilimuuliza swali hili hili. Akanibishia mpaka chai ikapoa. Na alichosema kilikuwa kweli tupu." Akameza. "Ila siwezi kumpa binti yangu mtu wa kubishana hivyo."

Nikamwambia, "Baba, nakuomba urudie hayo mbele ya simu ya Deo."

Akainuka na sahani yake. "Hayo mimi sijasema," akanijibu, na kwenda kukaa na baba mdogo.

Basi ndiyo hivyo. Gari langu limebaki kule juu linasubiri mlima ukauke. Narudi Biharamulo kwa gari la Deo, kiti cha mbele, Shangazi nyuma na baba mdogo kajibanza pembeni yake, na video nayo inakaribia kumaliza kupanda. Hata hiyo naona inapanda kinyumenyume.

Msinicheke. Nyote mliowahi kwenda ukweni mlipeleka mchele na sukari. Mimi nimepeleka zawadi ambayo mzee asingeweza kuikataa.